Mwangwi Chini ya Nyumba ya Yeyo

Jumatatu, 7 Agosti 2000
Nimefika nyumbani Kajiado na mashine za chuo! Baba ameziangalia zile nyaya akauliza kama nimekuja kuanika nguo. Acha acheke. Ijumaa anahamisha ng'ombe kwenda Rombo kufuata maji, na wale dhaifu hawatafika. Yeyo, mama yangu, amenipimia chai nusu kikombe — mama ni mama, lakini maji yameisha. Na hapahapa tuna kisima cha bomba! Tope la mafuriko ya El Niño ndilo lilikizika, hakuna anayejua wapi. Nitakipata.

Jumatano, 9 Agosti
Mbuvi, tunayesoma naye, anagonga bamba la chuma kwa nyundo. Vinasa mtetemo vinachukua mwangwi kutoka ardhini. Kwenye kompyuta naugeuza kinyumenyume — uliofika mwisho unatangulia kurudi — na mawimbi yote yanakutana palepale yalipotoka. Nilimweleza Baba. Akasema kwani hiyo ni nini, ng'ombe wa mbali huanza kurudi mapema ndio wote wafike bomani pamoja. Ndiyo hiyo, Baba!
Halafu doa likatokea kwenye skrini, kali, kando ya boma! Nilipiga kelele mbuzi wakatawanyika.

Alhamisi, 10 Agosti, asubuhi
Josho! Tumechimba tukakuta saruji ya josho la zamani. Baba: "Sasa tutaogesha ng'ombe na nini, vumbi?" Aibu! Kitu kikubwa hupaza mwangwi kuliko vyote, na mimi nikakikimbilia.

Jioni
Nimeuondoa mwangwi wa josho, nikageuza uliobaki. Doa la pili! Dogo, lakini linavuma kama chuma, si kama jiwe. Tumerudia, linaangukia palepale.
Chini ya nyumba ya Yeyo.
Aliijenga mwenyewe baada ya mafuriko, akaikandika kwa mikono yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, Baba hawezi kugusa hata ukuta. Amesimama mlangoni: "Soipan anasema maji yako hapa kwako."
Yeyo ameniuliza mimi. "Uko na hakika?"
Jana pia nilikuwa na hakika, kumbe ni josho! Nimesema ndiyo.
Ameingia ndani. Naandika nimekalia boksi la betri. Ametoka na kibuyu cha maziwa. Amerudi. Ametoka na ngozi ya kulalia, sufuria, stuli yake. Mbuvi amenyanyua jembe — Yeyo amemnyang'anya, anaulenga ule ukuta wa mlangoni, analiinua —