Wanawake Watano Ndani ya Leso

Alhamisi, Kitengela

Nasikia kinyaa hata kuandika. Eti ndoa yetu itambuliwe ndio nimfuate Njoroge Ujerumani, na cheti hakiwatoshi. Leo ubalozini afisa ameshika picha ya ruracio yetu, sherehe ya mahari, kwa vidole viwili, kama mtu anashika soksi chafu. Wanawake watano tumefunikwa leso, miguu tu ndiyo inaonekana, bwana harusi anamtafuta wake kama ilivyo desturi.

“Wewe ni yupi?”

“Huyu wa katikati.”

“Nitajuaje?”

Nilipomwambia Mum alicheka, halafu akauliza: “Na wakikataa?”

Sijui. Naogopa.

Njoroge alinitambua kwa miguu peke yake. Hawa wako na pasipoti yangu, alama za vidole vyangu, uso wangu mbele yao, na bado wanauliza mimi ni yupi.