Goli Moja la Mama Naomie

Baba Naomie,

Sombe ya majani ya muhogo iko kwenye sufuria, ipashe moto tu. Usimwachie Naomie ndagala zote, unamjua. Barabara imefunguka tangu jana, kwa hiyo minye niko naenda Sange kutafuta mchele, na nitapanda basi la watu wengine wakati minibusi yako iko inalala uani kama kuku anayeatamia.

~~Ile mashini yako ya michezo usiiguse leo.~~ Iguse. Lakini kwanza ujue nilichofanya.

Asubuhi, ulipoenda kuoga ziwani, nilicheza ule mpira wako wa kwenye mashini. Niliifuta programu yako ya kudanganya, ile inayofanya wachezaji wako wasichoke na golikipa wa mashini asimame kama shina la muhogo. Nikafungwa nne. Halafu nikafunga moja! Kelele niliyopiga ilimtoa jirani yetu Mama Belyse nyumbani kwake mbio, godoro kichwani, akidhani vita imerudi. Nikamwambia ni goli. Akanitukana vizuri, akatua godoro, akakaa juu yake kutazama.

Weye, tangu barabara ifungwe, kila siku unashinda ishirini kwa sifuri, na sijakusikia ukishangilia hata mara moja.

Programu sirudishi. Funguo ya minibusi nimeiweka juu ya mashini, utaiona. Kesho nataka kwenda Sange na dereva wangu. Mashimo ya barabara ile hayadanganyiki, lakini weye unayajua yote.

Mama Naomie, aliyefungwa nne akacheka