Kitabu cha Ijumaa

Jumanne, 5 Mei 1981

Nimefungua ukumbi saa nne. Viti arobaini na viwili, vitatu vimevunjika. Nimechapa stensili ya nyimbo za Pentekoste, nakala sitini. Wino umeshika vidole, hautoki kwa sabuni. Mchana nimezunguka mtaa wa Jericho kuwatafuta vijana watatu waliokosa Ijumaa mbili. Mmoja amepata kazi ya zamu. Mmoja amehamia kwa mjomba wake Kaloleni. Wa tatu alijificha nyuma ya pazia. Niliona miguu.

Mwezi wa nne wa uanagenzi wa kuhudumia vijana kanisani. Imebaki minane, kisha chuo cha Biblia, ikiwa wazee wa kanisa watatoa ripoti nzuri. Vijana wananiita Madam. Mkubwa wao ana miaka ishirini na minne, mimi thelathini na tisa. Watu bado huniuliza kwa nini niliacha gazeti baada ya miaka kumi na mitano ya habari za mahakamani. Nawaambia nilichoka kukutana na watu wakiwa wameshafika kizimbani. Jibu linatosha. Hawaulizi tena.

Alhamisi, 7 Mei

Mchungaji amenikabidhi kitabu cha kumbukumbu cha vijana. Jalada jeusi, kurasa zina namba. Katibu aliyekuwepo ameolewa Nakuru. Nimesoma kumbukumbu za miaka mitatu. Kazi mbovu. Mahudhurio yapo, somo la Biblia lipo, halafu kila Ijumaa sentensi ileile: "Ushuhuda ulitolewa." Na nani? Kuhusu nini? Mhariri wangu angemrudishia karatasi usoni. Nitarekebisha.

Kitabu hupelekwa kwa wazee kila mwisho wa mwezi. Mzee Njoroge, mwenyekiti wao, hukisoma mwenyewe.

Ijumaa, 8 Mei

Kikao cha ushuhuda. Waliohudhuria, thelathini na mmoja. Viti hupangwa mduara, mlango unafungwa. Mtu akiguswa anasimama na kusema lililo moyoni. Wenzake wanaimba, wanamkumbatia, basi. Wanaiita kutembea nuruni. Nilikaa karibu na mlango na daftari langu, nikaandika kwa hatimkato kama nilivyokuwa nikifanya mahakamani.

Alianza Kamau, mwenyekiti wa vijana, karani wa stoo. Amekuwa akimwambia bosi wake anaumwa kila kunapokuwa na mechi. Kabla ya kukaa akanigeukia. "Na Madam pale, anaandika hadi kikohozi." Walicheka. Nami nilicheka.

Kisha Mwende. Miaka kumi na tisa, sauti ya kwanza kwenye kwaya, anakaa Shauri Moyo. Alisema mwezi wa Machi mdogo wake wa miaka minne alipatwa na degedege mara tatu katika wiki moja. Dawa ya hospitali haikusaidia. Yeye na mama yake wakampeleka kwa mganga. Walitoa kuku mweupe. Mtoto alifungwa uzi mweusi mkononi. Mtoto amepona. Nani alimponya, hakusema. Alisema kila akiuona uzi ule hawezi kuomba. Alilia kama dakika mbili. Waliimba.

Simulizi nzuri. Ina mwanzo, kati na mwisho.

Jumamosi, 9 Mei

Nimenakili kumbukumbu za jana kwa mwandiko safi. Kurasa mbili na robo. Majina, mwezi, kuku, uzi. Nimelinganisha na daftari mara mbili. Hakuna kosa.

Jumatano, 20 Mei

Mwende aliingia ofisini akihema. Ameitwa kwa mahojiano ya mafunzo ya uuguzi katika hospitali moja ya misheni. Ni Jumanne, tarehe 9 Juni. Wanataka barua ya mchungaji kwamba ni mshiriki kamili wa kanisa lake. Bila barua hata getini hapiti. Kwingine amejaribu mara mbili, hakuchukuliwa.

"Madam, hii ikikataa, ni mimi na mama na mboga za sukuma wiki sokoni mpaka nizeeke." Alikuwa akicheka. Hakuwa akitania.

Nimeandika rasimu ya barua. Mchungaji yuko safarini. Atatia sahihi akirudi mwisho wa mwezi.

Jumapili, 24 Mei

Ibada mbili. Kwaya iko tayari kwa Pentekoste. Nimeumwa jino.

Jumamosi, 30 Mei

Kikao cha wazee. Nilipeleka kitabu saa tatu, nikasubiri nje. Saa tano wakaniita ndani. Mzee Njoroge alikuwa ameweka kidole juu ya ukurasa wa 71.

"Dada Ruth, haya ndiyo yaliyosemwa?"

"Neno kwa neno, mzee."

"Hukuongeza?"

"Sikuongeza wala sikupunguza."

Nilijibu kwa fahari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kanuni ya kanisa hili: mshiriki akienda kwa mganga, anatengwa miezi mitatu. Hakuna meza ya Bwana, hakuna kwaya, hakuna barua. Mwende na mama yake, wote wawili. Uamuzi haukuchukua dakika kumi. Mchungaji, aliyerudi jana, alikuwa na rasimu yangu mfukoni. Aliitoa, akaikunja, akairudisha.

Kamau alinieleza nje. Ushuhuda ukianza, kitabu hufungwa. Kalamu huwekwa chini. Yanayosemwa kwenye mduara hubaki kwenye mduara, na wazee hawana habari nayo kwa sababu hakuna wa kuwapa. Kila mtoto aliyekulia hapa anajua. Ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

"Tuliona unaandika, lakini tulidhani ni mambo yako ya gazeti, Madam."

Yule katibu wa Nakuru aliijua kazi yake. Mimi sikuijua.

Jumapili, 31 Mei

Majina yalisomwa kabla ya mahubiri. Aliyetengwa hutoka mahali pake na kwenda benchi la nyuma huku wengine wakiimba. Mwende alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliacha kitini. Hatua ishirini na sita hadi nyuma. Mama yake alifungua kitambaa cha kichwa, kile cha chama cha akina mama, akamfuata akiwa amemshika mtoto mkono. Mkono wa mtoto haukuwa na uzi. Sijui waliukata lini. Hakuna aliyeuliza.

Nimesikia hukumu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sikuwahi kuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Jumanne, 2 Juni

Mchungaji aliniita. Anasikitika, na naamini anasikitika. Alisema iko njia moja. Alisema hivyo akiangalia dirishani. Niwaambie wazee kwamba nilisikia vibaya. Ukumbi ulikuwa na kelele, mimi ni mgeni, nilichanganya maneno ya huyu na ya yule. Ukurasa utafutwa, na barua itatoka kabla ya Jumanne ya mahojiano.

"Wewe ndiye uliyeandika. Watakuamini. Utaonekana mzembe kidogo, basi."

Katika miaka yote ya gazeti sikuwahi kukanusha habari ya kweli. Mawakili walinitishia, bwana mmoja alinitumia mbuzi. Sikukanusha. Nilimwambia Mchungaji anipe siku mbili. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaamua kusema uongo huo. Nilitaka tu Mwende ajue kwanza.

Jumatano, 3 Juni

Shauri Moyo, saa kumi jioni. Chumba kimoja, pazia katikati. Mama Mwende alikuwa amekaa sakafuni akichambua sukuma za kuuza kesho. Hakuinuka.

"Karibu, mwandishi. Leo umekuja na kalamu?"

Nikasema iko mkobani.

"Hiyo kalamu yako haina kifuniko?"

Mtoto aliniletea gari lake la waya nilione. Gurudumu moja limepinda. Mwende alinipa kigoda. Niliwaeleza maneno ya Mchungaji. Mama aliacha sukuma, akamtazama binti yake. Yeye angekubali, na simlaumu.

Mwende alikataa. "Nilisema, Madam. Nilikaa na hiyo kitu kwa roho miezi miwili. Sasa ukienda useme sikusema, basi mimi nilisimama pale kufanya nini?"

Nikamwambia atakosa mahojiano.

"Nitakosa."

"Kichwa ngumu kama babake," mama alisema. Baba ni dereva wa malori ya Mombasa, hakuwepo. Akarudi kwenye sukuma. Nilipoinuka kuondoka alinitupia fungu moja la sukuma mikononi bila neno. Sikujua ni msamaha au ni desturi tu ya nyumba. Nimelipika.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemwambia Mchungaji sitakanusha. Akasema nifunge mlango nikitoka.

Ijumaa, 5 Juni

Waliohudhuria, tisa. Hakuna aliyesimama. Dakika arobaini za kukohoa na kuburuta viti. Wakitoka, kijana mmoja alinisalimu: "Sasa, karao." Hapa hivyo ndivyo wanavyomwita polisi. Kamau alitaka kumkemea. Nilimzuia. Jina si baya kwa mtu aliyefanya nilichofanya.

Nimefikiria kuacha. Nimefikiria kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Jumapili, 7 Juni. Pentekoste

Kanisa limejaa hadi nje. Sauti ya kwanza ya kwaya ilipwaya, kila mtu alisikia.

Wakati wa ushuhuda nilisimama. Sikuwa nimeandika kitu. Nilisema yaliyoandikwa ukurasa wa 71 ni kweli, siyakanushi. Nilisema binti hakukamatwa na mtu, alijileta mwenyewe. Nilisema alijileta mahali ambapo kitabu hufungwa, na mimi ndiye niliyekiacha wazi. Nikasema kama kuna wa kutengwa kwa ajili ya ukurasa ule, nami nimo. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

Nikaenda benchi la nyuma. Mama Mwende alisogea kidogo sana. Nafasi ya mtu mwembamba.

Mzee Njoroge aliuliza kutoka mbele, "Dada, nani amekutuma huko?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kaa hapo hapo."

Watu kadhaa walicheka, wakajizuia. Mwende alikuwa akitazama mbele. Tuliimba wimbo uliofuata kwa kitabu kimoja.

Jumatatu, 8 Juni

Mzee Njoroge aliniita kwenye karakana yake karibu na soko la Gikomba. Anatengeneza vitanda. Hakuacha kupiga randa. Wazee walikaa jana baada ya ibada. Wamekubaliana kwamba kuanzia mwezi huu wataletewa mahudhurio na somo tu. Kurasa nyingine hazitawahusu. Uanagenzi wangu umeongezwa miezi mitatu, ili nijifunze nyumba kabla ya kupanga vyombo. Maneno yake. Nikasema sawa.

Nikauliza kuhusu barua ya Mwende. Mahojiano ni kesho.

"Lililotangazwa mbele ya kanisa halimezwi, dada. Miezi mitatu ni miezi mitatu."

Nilimwuliza mara ya pili. Alinijibu vilevile. Takataka za mbao zilikuwa zimefika kwenye viatu vyangu. Kisha, bila kuulizwa, akasema naye alisimama kwenye mduara ule akiwa kijana. Alisimama akiwa na jambo zito, na katibu wa siku hizo akaweka kalamu chini. Hakusema ni jambo gani. Sikuuliza. Katika kazi zangu zote ni mara ya kwanza kutouliza.

Jumanne, 9 Juni

Mwende hakwenda. Nilimwona Gikomba saa tatu asubuhi na mama yake, karai la sukuma kichwani. Nilikuwa nimesimama pale nikitumaini sitamwona. Alinisalimu. Manyunyu, matope.

Ijumaa, 12 Juni

Waliohudhuria, kumi na mmoja. Nilifunga kitabu mbele yao. Hakuna aliyesimama. Haidhuru.

Ijumaa, 17 Julai

Kumi na wanane. Kamau alisimama. Sitaandika alichosema. Alikaa akijifuta uso, akaniangalia mikono. Mikono yangu ilikuwa magotini. Yule aliyeniita karao amerudi. Amenisaidia kukarabati viti viwili.

Jumapili, 30 Agosti

Mwende na mama yake wamerudishwa kundini. Wazee waliwapa mkono mmoja mmoja mbele ya kanisa. Mzee Njoroge alikuwa wa mwisho, akamkabidhi Mwende joho lake. Lilikuwa limepigwa pasi. Sijui na nani.

Hospitali imeijibu barua yangu ya kumwombea Mwende nafasi nyingine. Mahojiano mengine yatakuwa mwezi wa Machi. Hawaahidi nafasi. Rasimu ya Mei ninayo bado, yenye alama ya mkunjo katikati. Nimebadilisha tarehe. Mchungaji ametia sahihi leo leo, akiwa bado amevaa kanzu. Nilipompelekea Mwende kule nyuma ya kanisa, aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya Biblia. "Machi ni mbali, Madam," akasema. Nikasema ni mbali.

Ijumaa, 4 Septemba

Waliohudhuria, ishirini na sita. Somo, Zaburi ya thelathini na mbili. Wimbo mmoja. Kamau alifunga mlango. Nilifunga kitabu, nikafunika kalamu, nikaiweka sakafuni ambapo kila mtu angeiona. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira ukutani.

Mwende alisimama. Alizungumza kama dakika sita. Wakaimba.

Nakumbuka kila neno. Hata humu siliandiki.

Kitabuni, ukurasa wa 84: Ushuhuda ulitolewa.