Hisa za Mama Kulwa

Mjukuu wangu Limi,

Marahaba, mwanangu. Hapa Ibadakuli mahindi yamekauka, na mama yako Doto bado anakohoa, ila anakula.

Unauliza mbona kwenye kompyuta za kampuni yenu ya soko la hisa jina langu Kabula halimo, wakati nilikuwa na hisa. Nilizinunua nikiwa bado na nguvu za kupeleka mpunga Isaka. Karani aliniuliza jina, nikasema Mama Kulwa. Nani alinijua kwa lingine? Akaliandika kwenye cheti.

Kampuni ilipoacha vyeti vya karatasi na kuanza kuingiza kila kitu kwenye kompyuta, nilipanda basi hadi Dar es Salaam, cheti nimekifunga ndani ya kitenge. Binti wa dirishani akasoma kitambulisho changu.

"Mama, hapa wewe ni Kabula. Mama Kulwa ndiye nani?"

Mwaka ule ule Kulwa, pacha wa mama yako, alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu Geita. Hatukuupata hata mwili wa kuzika. Binti akanipa fomu nitie sahihi kwamba jina la Mama Kulwa liliandikwa kimakosa. Alinisemesha kwa upole, maskini. Nikaiacha fomu pale dirishani, nikarudi na cheti changu.

Usihangaike tena kunitafuta humo kwenye kompyuta. Juzi nilifungua sanduku nikisome kile cheti. Panya wamelila jina lote, wameacha idadi ya hisa.

Bibi yako,
Mama Kulwa