Nilifuma Mwenyewe, Nikamsingizia Marehemu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba radhi, kwanza kwa kuuchukua ukurasa ambao najua huandikiwa na vijana wenye mashaka ya mapenzi na kina mama walioelemewa na ndoa zao, na pili kwa urefu wa sentensi zangu, maana tulifundishwa na wamisionari kwamba mtu asiweke nukta mpaka awe amemaliza wazo, na wazo hili mimi nimeshindwa kulimaliza. Mimi ni mzee niliyefiwa na mke, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye maisha yake yote ya kazi aliwashikia mashahidi kitabu kitakatifu wakiapa kusema kweli, na jambo ninalokuandikia ni uongo nilioutamka kwa kinywa changu, sebuleni kwangu, mbele ya binti yangu wa mwisho.

Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa kufuma kwa kulabu, na kila jioni ilipofika saa ya tamthilia aliketi kwenye kochi la dirishani, kapu la nyuzi za sufu likiwa miguuni pake, akifuma bila kuitazama mikono yake kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye televisheni, nami niliketi ng'ambo ya meza ndogo nikiwa nimelikunjua gazeti, nikijifanya mtu asiyesikiliza, ingawa gazeti lile lilikuwa pazia tu na mke wangu alilijua hilo, kwa kuwa mara kwa mara alinitania kwamba bei za mahindi leo lazima ziwe za kuhuzunisha sana, maana anamwona mumewe anafuta miwani. Alipofariki, kapu lilibaki palepale, na tamthilia nayo haikusimama kumwombolezea bali iliendelea kila jioni kwa saa yake, nami nikaona vigumu kuizima kama nilivyoona vigumu kulihamisha kapu, na jioni moja, sijui niliongozwa na nini, nikaichukua kulabu nikajaribu kukumbuka vidole vyake vilikuwa vikienda namna gani.

Mshauri, naona haya kuandika kwamba niliiweza. Nilifumua na kufuma, nikafumua tena, hata vitanzi vikaanza kunitii, na kwa kuwa katika tamthilia ile yumo mama mmoja mshonaji, mjane kama mimi, ambaye kila akitokea huwa amevaa rangi zinazogombana, na maadui zake wakimcheka yeye kesho huongeza rangi nyingine, niliingiwa na tamaa ambayo sikuwahi kuwa nayo hata ujanani, nikajifumia sweta la vifungo, lenye zambarau, manjano, waridi na kijani kibichi, na pindo jekundu kwenye mikono. Mimi ambaye tangu shuleni sijavaa ila suti ya kijivu na tai nyeusi, kwa sababu mwalimu wetu mkuu alitufundisha kwamba muungwana huvaa ili asikumbukwe. Nilipokwenda kununua vifungo nilimwambia mwenye duka kwamba ni vya sweta la mjukuu wangu, na yeye, aliponiona ninavipima kwenye kifua changu mwenyewe, akasema kwa upole, "Mzee, huyo mjukuu amekurithi kifua." Nililipa nikatoka bila kusema asante, jambo ambalo si desturi yangu.

Sweta hilo nililivaa jioni tu, pazia likiwa limeshushwa, kisha nikalilaza sandukuni chini ya suti. Na nyuzi za marehemu zilizosalia kapuni nilianza kuzifumia shali ya binti yangu huyo, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine na ndoa yake imekaribia, na usiniulize ningemweleza nini siku ya kumkabidhi, kwa maana nilikuwa nimeazimia, Mungu anisamehe, kumwambia kwamba nimeinunua.

Basi alikuja bila kuniarifu, na ufunguo anao, akaingia wakati ule mama mshonaji wa tamthilia amefika asubuhi akakuta duka lake limeungua, anaokota makasi majivuni, nami nimevaa sweta langu la rangi zote na machozi yananitiririka hadi kidevuni. Shali niliwahi kuisukumia chini ya mto wa kochi. Sweta ningelisukumia wapi? Binti yangu alisimama mlangoni na mkoba begani, akanitazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa aliyekutwa nje ya kitanda chake, kisha akauliza, "Baba, hilo sweta umelitoa wapi?"

Nikasema, "Ni kazi ya mama yako."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu asijue kwamba baba yake, karani wa mahakama, hukaa kufuma na kulilia watu wasiokuwepo. Lakini yeye aliuweka mkoba chini, akaja akapiga magoti, akauegemeza uso wake kwenye mkono wa sweta akawa anaunusa, akasema kumbe mama alimfumia baba, na kumbe hatimaye baba amekubali kulivaa, na huko kuegemea kwake ndiko kulikoivuta ile shali ikatokeza chini ya mto, kulabu ikiwa bado imo kitanzini. Akauliza, na hii? Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu, naye akachukulia kuinama kwangu kuwa ni jibu. "Alikuwa ananifumia mimi," akasema, "akaondoka haijaisha."

Tangu siku hiyo, Mshauri, mambo yamenizidi kimo. Aliichukua shali akasema ataivaa siku ya harusi ikiwa vilevile nusu, kama mama alivyoiacha, na kwamba mtu yeyote asithubutu kuongeza hata kitanzi kimoja, kwa hiyo nimekatazwa kuimalizia zawadi yangu mwenyewe. Huniambia kwa simu kwamba akitoka zamu huiweka mapajani na kumsimulia mama yake habari za wodini, nami husema ni vema, mwanangu, kisha hukata simu nikakaa nikiutazama ukuta.

Juzi alinipigia akilia. Kulabu ilikuwa ikimchoma, akaichomoa, na shali imeanza kufumuka. Yafaa nikueleze kwamba kazi ya kulabu, hata iwe kubwa namna gani, kama haijafungwa hushikiliwa na kitanzi kimoja tu cha mwisho, na mtu akivuta uzi kwa kudhani anakikaza, ndivyo anavyoifumua safu moja baada ya nyingine. Binti yangu hajui kufuma. Alikuwa anavuta. Akasema, "Baba, mama ananiponyoka mikononi." Nami nilijua la kumwambia: acha kuvuta, rudisha kulabu katika kitanzi kile, basi itatulia. Lakini nilijiuliza nitamwambia nimelijulia wapi hilo. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Nikamsikia anaendelea kuvuta.

Sasa anataka kuipeleka shali kwa mama yake mkubwa aitengeneze, na huyo shemeji yangu ndiye aliyemfundisha marehemu kufuma, naye marehemu alikuwa wa mkono wa kushoto, vitanzi vyake vililala upande wao, vyangu vinalala upande mwingine, na shemeji atalitambua hilo kabla hajavaa miwani. Nifanye nini? Nikikiri, nitakuwa nimemnyang'anya mtoto mama yake mara ya pili, na karibu na harusi yake. Nikinyamaza, atayasikia kwa mwingine. Na hili sweta, je, nilichome moto? Nakusihi uufiche utambulisho wangu, na uniwie radhi tena kwa kukuchosha.

Wako katika unyenyekevu,
Karani Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia kwanza ili baadaye usiseme nilikugombeza bila adabu.

Tuanze na madogo. Sweta usilichome. Nimeisoma orodha ya rangi zako mara mbili, na mara ya pili nilitabasamu. Linakufaa, na kama mwenye duka la vifungo ni mtu wa kunyamaza kama anavyoonekana, angefurahi kukuona umelivaa. Kufuma nako si kosa. Tamthilia je? Mimi naitazama, na jioni ile duka la yule mama lilipoungua, nililia hadi na sufuria yangu ikaungua jikoni. Kwa hiyo kama ulikuwa unaniandikia ili nikucheke, umekosea ukurasa.

Sasa kubwa. Ule uongo wa mlangoni naweza kuuelewa. Ulishtukizwa, ukashika la karibu ukajifunika, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafuni. Hata kuinamisha kichwa naweza kukupunguzia. Lakini pale kwenye simu, Mzee wangu, pale nilikasirika nikaiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji. Mtoto analia, kitu kinaharibika mikononi mwake, dawa unayo mdomoni, nawe unasema pole? Binti yako ni muuguzi. Mwulize siku moja wanamwitaje mtu aliyeijua dawa akakaa kimya mgonjwa akizidiwa. Uliilinda heshima ya suti ya kijivu, na bei yake ameilipa yeye.

Unasema ukikiri utamnyang'anya mama yake. Pole kwa msiba wako, nasema kwa moyo wote, ila hapo umejipa ukubwa usio wako. Mama yake alikufa, na hilo binti yako analijua kuliko sisi. Kazi yake ni kukaa na wanaokufa. Anachokosa kukijua ni kwamba nyumbani yupo mzee aliyeketi jioni baada ya jioni akiifuata mikono ya marehemu kwa kumbukumbu, akaharibu, akarudia, akamfumia yeye shali kwa nyuzi zilezile za kapu la mama. Huyo mzee umemficha. Binti yako anaisimulia shali habari za wodini kwa sababu hajui kwamba aliyeifuma ana simu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na unisamehe kwa kulitaja neno hilo mbele ya mwanafunzi wa wamisionari, lakini wao nadhani walikulenga wewe. Uliificha kazi yako, sasa huwezi hata kuimaliza. Uliyaficha machozi yako, sasa yeye analia peke yake huko na wewe peke yako hapa, na mnaomlilia ni mtu mmoja.

Usinielewe vibaya. Atakasirika. Anaweza kukaa wiki bila kukupigia, anaweza kusema maneno ambayo hujawahi kuyasikia kwake, na yote hayo ni haki yake. Usimjibu kwa Kiswahili cha mahakamani. Usianze na maelezo ya vitanzi kulala kushoto na kulia. Usimwambie ulikuwa unamhurumia, maana hukuwa unamhurumia. Ulikuwa unaona haya, na barua yako imelisema hilo vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mwambie hivyohivyo: niliona haya.

Na usimwachie shemeji yako kazi hii. Yule mama atasema kweli, tena atasema vizuri, lakini binti yako atarudi nyumbani akiwa amepewa habari za baba yake na mtu mwingine. Hapo hata msamaha utakuwa na ladha ya kuazima.

Lingine ni hili. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ila sweta lenye zambarau, manjano, waridi, kijani kibichi na pindo jekundu halifichiki. Binti yako akilifungua gazeti hili atakujua kabla hajafika kwenye kulabu. Ndiyo maana majibu haya nimekutumia kwanza kwa anwani yako, na barua itachapwa baadaye. Uliniandikia ukurasa wa gazeti, na gazetini itatoka. Nimekupa nafasi ya kumfikia kabla ya muuza magazeti. Sikukupa nafasi ya kufikiri zaidi, kufikiri umefikiri vya kutosha.

Basi fanya hivi. Mpigie simu leo, umwambie asiivute tena ile shali wala asiipeleke kwa mama yake mkubwa, na kwamba unakuja. Akiuliza kwa nini, mwambie utamweleza ukifika. Kesho asubuhi vaa sweta, ndiyo, kuanzia nyumbani kwako, upite nalo mbele ya majirani, uingie nalo kwenye basi. Watu watatazama, na hutakufa. Chukua na uzi uliobaki kapuni. Ukifika kwake usimwombe akae wala akutulize. Mwombe shali, mwombe na kulabu. Kitafute kile kitanzi cha mwisho, kirudishe mahali pake, kisha ufume safu nzima akikutazama mikono, na usiinue macho mpaka safu iishe. Hapo atakuwa ameshajua, na utakalolisema halitakuwa gumu kama unavyoliogopa.

Akilia, endelea kushikilia kitanzi. Akiuliza, jibu. Akikufukuza, iache shali imefungwa vizuri ili isifumuke, uondoke, na urudi tena wiki ijayo. Na akinyamaza akaketi karibu yako, usiharakishe kuimaliza kwa furaha. Shali ni yake. Mwulize anataka iishie wapi, na hapo atakapokuonyesha ndipo ukate uzi.