Wangari Hakukubali, Baba

Glasgow,
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Mimi ni mzima wa mwili, ila mvua ya huku ni ya kunyunyiza tu, haishi wala hainyeshi ikamaliza kazi yake. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Molo? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Nakujulia hali kwa moyo safi, kwa sababu nitakayoandika hapa chini hayana upole.

Ninaandika kwa karatasi kwa vile simu uliikata. Ulisema, "Umenivua nguo mbele ya wazee wenzangu." Barua huwezi kuikata katikati. Mwenzangu mmoja wa Njoro anakuja likizo, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Baba, nimekasirika. Nimejaribu kutafuta neno la heshima zaidi nimelikosa.

Kamau, mume wa dada yangu Wangari, alipofariki, ulisimama kaburini ukamwambia Wangari kwamba hatakuwa peke yake. Udongo haujakauka, Githinji, ndugu yake marehemu, akaanza kulima shamba la juu, lile Wangari na marehemu walilolifyeka wenyewe. Wangari akaenda kortini. Hakimu akawaambia jambo zuri tu: nendeni nyumbani, mkae na wazee, mkielewana mrudi mniambie. Nilifurahi. Hayo ndiyo ninayosomea huku, jinsi watu wanavyoweza kumaliza ugomvi wao bila kuburutana mahakamani. Niliposikia wewe ni mmoja wa wazee, nikalala usingizi mzuri.

Kisha Wangari akanipigia simu akilia.

Alinieleza yote, na wewe ulikuwepo, kwa hivyo nisahihishe nikikosea. Mlikaa kwa Githinji, nyumbani kwa mtu anayeshtakiwa. Kiti cha mbele alipewa Mzee Muchiri, ambaye kila mtu kijijini anajua amekodishiwa na Githinji kipande cha shamba lilelile, na viazi vyake viko ndani hadi sasa. Wangari akaambiwa apike chai. Akapika. Akagawa vikombe. Alipoweka birika chini afungue mdomo, Mzee Muchiri akamwambia, "Mama, wewe tulia. Baba yako yuko hapa, atakuongelea."

Ukamwongelea, Baba? Wangari anasema uliangalia kikombe.

Mkaamua Githinji achukue shamba la juu pamoja na nyumba. Wangari na watoto wapewe kule chini kwenye kinamasi, mahali hata bata hujuta. Mkaomba, mkapeana mikono. Na dada yangu alipokataa kutia sahihi, ni wewe uliyemwambia, "Tia tu, mtoto wangu, tusilete aibu." Akatia. Si kwa ajili ya Githinji. Ni kwa ajili yako.

Wiki hiyohiyo nilikuwa maktaba nikisoma kitabu cha mtaalamu mmoja anayesifu sana vikao vya wazee katika Bonde la Ufa. Ameandika kwamba huko kwetu hakuna anayeshindwa, kila mtu huondoka ameridhika. Nikatafuta ni nani aliowahoji. Wote ni wazee waliokaa kwenye viti. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyeulizwa kama aliridhika. Nilikifunga kile kitabu kwa kishindo mpaka mlinzi akanitazama. Darasani profesa akaniuliza maoni yangu, nikasema, "Mimi namjua mmoja aliyeondoka kwenye kikao kama hicho bila nyumba." Akaniambia niandike juu ya hilo, na ninaandika.

Usifikiri nadharau wazee. Unakumbuka kesi ya mfereji wa maji, yule mama mjane na jirani yake? Jirani alitaka mkutane kwake, ukakataa. Ukawapeleka wote wawili pale pale kwenye mfereji. Yule mama aliongea mpaka jua likageuka, na kila mtu aliyetaka kumkatiza ulimwambia, "Ngoja. Hajamaliza." Mimi nilikuwa nimeshika koti lako. Nilisomea sheria kwa sababu ya siku hiyo. Mambo ninayofundishwa huku kwa maneno makubwa, kwamba msuluhishi asiwe na faida yake katika ugomvi, kwamba kila upande usikizwe, kwamba makubaliano ya kulazimishwa si makubaliano, wewe ulikuwa unayafanya bila kuambiwa. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Ungekuwa hujui, ningekusamehe haraka.

Najua pia unachoogopa. Sijasahau ule mwaka wa ghasia za uchaguzi, tulipolala kanisani na magodoro, na moshi ulivyokuwa ukipanda upande wa pili wa bonde. Tangu hapo, mtu akiinua sauti tu, unataka amani kwa bei yoyote. Lakini bei hii hukulipa wewe. Alilipa Wangari.

Ndiyo, ni mimi niliyemwambia afanye alichofanya kortini. Nilimwambia, "Hakimu akikuuliza kama ulikubali, usiseme ndiyo kwa ajili ya heshima." Maneno mengine ni yake. Nimeambiwa hakimu alimuuliza, naye akajibu, "Mheshimiwa, kwenye hicho kikao mimi nilipika chai tu." Hakimu akamuuliza tena, ulisema nini kuhusu shamba? Akasema, "Sikuachwa niseme."

Hakimu akakataa kuyapitisha makubaliano yenu. Sasa kesi itasikizwa, mashahidi waitwe, na hadi iishe, hakuna wa kumtoa Wangari kwenye nyumba yake. Hilo ndilo unaloliita kuvuliwa nguo.

Nasikia Githinji anakutaka uwe shahidi wake, uape kwamba binti yako alikubali kwa hiari. Sitakuambia la kusema. Hutaulizwa sheria. Utaulizwa ulichokiona na macho yako.

Mama amenipigia. Ameniambia amechukua blanketi na jembe lake amehamia kwa Wangari, na kwamba hatarudi hadi akuone kule. Nilimuuliza, "Baba anakula nini?" Akasema, "Ana mikono." Nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu najua huwezi kupika hata ugali ukaiva.

Nisalimie shangazi wa kule Rhonda, mwambie dawa ya macho nimeipata. Nisalimie kaka yangu Mwangi, na umwambie kukaa kimya katikati si kutokuwa na upande. Watoto wa Wangari wabusu wote. Wangari mwenyewe usimpelekee salamu zangu, mpelekee zako.

Barua hii ikikukuta umekaa peke yako, ikunje, funga mlango, upande hicho kilima cha kwenda kwa Wangari. Usiende na mzee yeyote. Ukifika, kaa chini, umuulize dada yangu anataka nini, kisha umwache aongee mpaka amalize.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira, na ambaye hana baba mwingine,

Nyambura