Nimeshinda Usaili wa Ubingwa, Rafiki Yangu Anasema ni Huruma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisome hadi mwisho, maana kwenye karatasi ndiko pekee nisikokwama. Mimi ni daktari, mama wa pacha, nina kigugumizi tangu utotoni, na ndoto yangu ni kuwa bingwa wa upasuaji wa watoto. Mwaka jana niliingia kwenye usaili wa mafunzo ya ubingwa nikakuta wazee watano, wanaume watupu, wote wa chuo kimoja, wakaniuliza mume wangu anasemaje na pacha nitamwachia nani, na nilipofungua kinywa neno likagoma, mwenyekiti akasema, "Binti yangu, mpaka umalize kuomba mkasi, mgonjwa kashazikwa," wakacheka wote, nikatoka kama kuku aliyenyeshewa.

Mwaka huu akaja mkuu mpya wa mafunzo, mama mmoja mfupi tunayemwita Nyundo, akalivunja lile jopo, akaweka wanawake kwa wanaume, na muuguzi mkuu, na mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kulazwa wodini, akaamuru sote tuulizwe maswali yaleyale, habari za waume na watoto marufuku, kisha kila mmoja aongoze timu kumpasua mwanasesere anayevuja damu ya bandia. Tukaambiwa mwenye shida aseme mapema anahitaji nini, nikaomba dakika chache za kuelewana na timu kabla ya kuanza, nikapewa, na wenzangu wote wakapewa vilevile. Nikawaonyesha ishara zangu, kiganja wazi ni pamba, vidole viwili ni kibanio, na damu ilipofoka sikusema kitu, mikono ikasema, nikaufunga mshipa, nikamsikia muuguzi mkuu akinong'ona, "Huyu huyu!" Majina yaliposomwa ukumbini langu likawa la kwanza, mshauri, nikajipigia kigelegele mwenyewe bila kukwama hata kidogo!

Kinachoniliza ni rafiki yangu tuliyesoma na kushika zamu pamoja, tunamwita Msomi, yeye amekosa kidogo tu na ndiye wa akiba, nikijitoa anaingia. Alisimama kantini mbele ya watu akasema, "Siku hizi ukitaka ubingwa, tafuta kilema." Hanisalimii tena, na mama mkwe naye anasema, "Mwachie mwenzio, mwanangu, usije ukaitwa mla huruma," na mimi nimeshaanza kuandika barua ya kujitoa. Nifanyeje?

Daktari Mwenye Ulimi Mzito

MSHAURI ANAJIBU

Daktari, hongera! Nimekupigia makofi peke yangu hapa ofisini mpaka jirani kachungulia. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umwachie kwa lipi? Msomi alisimama mbele ya meza ileile, akapewa timu na dakika sawa na zako, na damu ilimwagika kwake kama kwako. Kama ulipita kwa huruma, basi aliyekuhurumia ni mwanasesere. Huruma ilikuwa mwaka jana, wazee wa chuo kimoja walipohurumiana kwa kupeana viti vya jopo wao kwa wao, na siku hiyo sikusikia mtu akilalamika kantini. Chanda chema huvikwa pete, mwenzangu, na chako kimevikwa hadharani.

Najua unampenda rafiki yako. Aliyekosa kidogo tu ana kidonda kibichi, na kidonda kibichi hutoa usaha. Wewe ni daktari, usiukimbie. Mwite faragha, mwambie wazi kwamba neno lake lilikuchoma, kisha mwambie uko tayari kufanya naye mazoezi kabla ya usaili ujao. Akikataa, shauri yake. Kiti humpi. Mama mkwe mpe heshima zake zote, halafu mwambie ubingwa si mwavuli, hauazimwi.

Hiyo barua ichane leo. Siku ya kwanza ukiripoti, iambie timu yako mapema una kigugumizi na ishara zako ni zipi, usingoje wagundue. Na Nyundo akikuita siku moja ukae kwenye jopo, nenda, ukamsikilize kila anayeingia mpaka amalize sentensi yake.

Kisha kuna asubuhi moja inakuja. Utatoka chumba cha upasuaji umelowa jasho, na mama mmoja atakuwa mlangoni ameshika kiatu kidogo cha mwanawe kwa mikono miwili. Atakuuliza, "Daktari, mwanangu?" Utamjibu, "A-a-amepona." Na mama huyo hatakuwa amesikia neno tamu kuliko hilo tangu azaliwe.